Seng'enge ilipofika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wafugaji na wakulima wa Magharibi ya Marekani

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wanafunzi wa historia, na wafugaji, na watu ambao Magharibi ya Marekani wameijua kupitia filamu tu. Filamu huonyesha bastola. Mimi naamini habari yenyewe ni ya nyasi na maji: nani aliruhusiwa kulisha, nani alifunga njia, nani aliondolewa. Nimeyapa maswali namba; jambo likishaelezwa sitalirudia, nitakuelekeza lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Hiyo "Magharibi ya zamani" ni wapi, na ni lini?

Ni nyanda za nyasi kuanzia Texas kusini hadi Dakota na Montana kaskazini, pamoja na milima na mabonde yaliyo magharibi yake. Hapa tunazungumzia miaka ya tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuna mstari mmoja wa ramani unaofaa kuukumbuka: longitudo ya 100 magharibi. Mashariki yake mvua kwa kawaida hutosha kulima. Magharibi yake hushuka chini ya inchi 20 kwa mwaka, yaani milimita 500 hivi, na mwaka mmoja haufanani na mwingine. Mwaka 1878 John Wesley Powell, mpimaji aliyezunguka sana nchi hiyo, aliiandikia serikali kwamba mfugaji wa huko anahitaji ekari 2,560 ili aishi. Bunge halikumfuata. Maumivu mengi utakayoyasoma hapa chini yametokana na kutomsikiliza.

2. Kauboi alikuwa nani hasa?

Kibarua wa kuchunga ng'ombe akiwa juu ya farasi. Mshahara wake ulikuwa kama dola 25 hadi 40 kwa mwezi pamoja na chakula, na mara nyingi farasi walikuwa mali ya tajiri. Ujuzi wake karibu wote, kuanzia kamba ya kitanzi na tandiko lenye pembe mbele hadi neno rodeo lenyewe (mashindano ya makauboi), ulitoka kwa wachungaji wa Kimexico.

Wengi hushangaa kusikia kwamba makauboi weusi walikuwa wengi. Wanahistoria hukadiria karibu mmoja kati ya wanne. Mfano ninaoupenda ni Bose Ikard. Alizaliwa mtumwa, akaachiwa huru baada ya vita, akaswaga ng'ombe pamoja na mfugaji Charles Goodnight kutoka Texas hadi Colorado. Goodnight alimwamini kuliko mtu mwingine yeyote, hata fedha za mauzo akimkabidhi azibebe. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, naye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, alimwekea jiwe la kaburi.

3. "Malisho ya wazi" maana yake nini?

Ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali kuu, haina uzio, na kila mtu alichungia humo bila kulipa. Ng'ombe wa matajiri kumi walichanganyika wakila pamoja. Mwanzoni mwa kiangazi makauboi wa eneo zima walikutana, wakawakusanya ng'ombe wote, na kila ndama akapigwa chapa ya moto ya mama yake.

Wafugaji wa kwetu hawatashangazwa na malisho ya pamoja. Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na wazee, wala mila, wala zamu ya kupumzisha nyasi. Aliyewahi alikula. Na malisho hayo "ya bure" yalikuwa ya watu wengine muda mfupi tu uliotangulia. Tazama swali la 17.

4. Kwa nini waliswaga ng'ombe mbali vile?

Bei. Vita vilipokwisha, Texas ilikuwa na mamilioni ya ng'ombe wa pembe ndefu na haikuwa na mnunuzi. Ng'ombe wa dola 4 huko aliweza kufika dola 30 au 40 katika miji ya kaskazini. Kwa hiyo waliswagwa hadi kituo cha reli. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi ya kupakilia huko Abilene, Kansas, na mwaka huohuo wa kwanza ng'ombe 35,000 hivi wakapita hapo kuelekea machinjio ya Chicago.

Kundi la kawaida lilikuwa na ng'ombe 2,000 hadi 3,000, wachungaji kama 12, na farasi wa kubadilishia. Walitembea maili 10 hadi 15 kwa siku, wakiwaacha ng'ombe wale nyasi njiani wasifike wamekonda. Safari ilichukua miezi mitatu hivi. Hatari kubwa ilikuwa mito iliyofurika, na radi ya usiku iliyolifanya kundi zima litimue mbio.

5. Kipindi hicho kilidumu muda gani?

Miaka 20 tu, na haikutimia kamili. Mtoto aliyezaliwa Abilene mwaka ule wa 1867 alikuwa bado kijana wakati mambo yanakwisha. Mambo matatu yaliikatisha biashara ya kuswaga: reli iliingia Texas kwenyewe, seng'enge ikafunga njia, na majimbo ya kaskazini yakapiga marufuku ng'ombe wa Texas kwa sababu ya ugonjwa (swali la 20). Kansas iliwafungia kabisa mwaka 1885.

## Seng'enge na maji

6. Seng'enge ilibuniwa na nani, na ilikuwa na jipya gani?

Watu kadhaa waliijaribu kwa wakati mmoja, lakini iliyoshinda ni ya Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, Illinois, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, tarehe 24 Novemba 1874. Nyanda hazina miti, kwa hiyo uzio wa mbao ulikuwa ghali mno, na waya mtupu ng'ombe huuegemea mpaka ukalala chini.

Chukua kipande cha seng'enge ukitazame kwa karibu, maana ya leo ni ileile. Kuna kipande kifupi cha waya kilichozungushwa kwenye waya mrefu, ncha zake mbili zimechomoza. Halafu waya wa pili umesokotwa pamoja na ule wa kwanza. Huo msokoto ndio uvumbuzi wenyewe: unaubana mwiba usiteleze wala kuzunguka, na unaufanya waya ulegee kwa joto na kukaza kwa baridi bila kukatika. Inasimuliwa kwamba miba ya kwanza Glidden aliikunja kwa kinu cha kusagia kahawa cha jikoni.

7. Ni wakulima waliowafungia wafugaji, au kinyume chake?

Wote wawili, na hapa filamu hupotosha. Mkulima alizungushia shamba lake la mahindi ili ng'ombe wasile. Lakini uzio mrefu kuliko wote ulijengwa na makampuni ya ng'ombe. Ranchi ya XIT huko Texas ilikuwa na ekari milioni 3, ikazungushiwa uzio wa mamia ya maili. Wengine walizungushia hata ardhi ya serikali isiyokuwa yao, pamoja na barabara, visima, na viwanja vya wakulima vilivyokuwa katikati.

Wasio na ardhi walijibu kwa koleo. Mwaka 1883, mwaka wa ukame Texas, watu walitoka usiku wakikata waya kila baina ya nguzo na nguzo. Kuna waliouawa. Mwaka uliofuata Texas ilifanya kukata uzio kuwa kosa la jinai, na wakati huohuo ikawataka wenye uzio waweke mageti kwenye njia za umma. Mwaka 1885 serikali kuu ilikataza kuzungushia ardhi ya umma, ingawa kuitekeleza sheria hiyo kulichukua miaka mingi.

8. Kwa nini maji yalikuwa muhimu kuliko ardhi?

Kwa sababu aliyemiliki kijito alimiliki nyasi zote zilizo umbali wa ng'ombe kwenda na kurudi kunywa. Tajiri hakuhitaji kununua ekari 50,000. Alihitaji ekari chache tu, zenye kijito. Wengine waliwatuma makauboi wao wakaombe viwanja kando ya mto kwa majina yao wenyewe, kisha wakavinunua kwao kwa bei ndogo.

Kilichovunja ukiritimba huo ni kinu cha upepo. Daniel Halladay alipata hataza ya kinu kinachojigeuza chenyewe kufuata upepo mwaka 1854. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 vinu vya chuma vya bei nafuu vikaenea. Upepo wa nyanda hauna haya, unavuma mchana na usiku, na kinu kilivuta maji kutoka kwenye kisima kirefu kidogokidogo bila kuchoka. Sasa hata kipande kisicho na mto kiliweza kulisha ng'ombe au familia. Ukiniuliza ni chombo gani kiliigeuza Magharibi, nitataja seng'enge na kinu cha upepo, na bastola sitaitaja.

## Baridi ya 1886 na baada yake

9. Ni nini kilitokea katika baridi ya mwaka 1886 na 1887?

Swali hili ndilo nalipa nafasi kubwa, kwa kuwa hapa ndipo maisha ya zamani yalipovunjika.

Anza na tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, fedha zilimiminika kutoka Scotland, Uingereza na miji ya mashariki ya Marekani. Wawekezaji waliambiwa kwamba nyasi ni bure na ng'ombe huzaana wenyewe. Mara nyingi mifugo ilinunuliwa kwa hesabu ya daftari bila mtu kwenda kuihesabu. Mwaka 1885 Rais Grover Cleveland aliamuru wafugaji watoe ng'ombe wao katika ardhi ya Wacheyenne na Waarapaho, wenyeji wa asili wa nyanda hizo, na ng'ombe hao wakasukumiwa kwenye malisho yaliyokwisha kujaa. Baridi hiyohiyo ya 1885 ikaua ng'ombe wengi kusini: kundi hukimbia dhoruba kwa kuupa upepo mgongo, na safari hii liligota kwenye seng'enge, likagandia hapo.

Kiangazi cha 1886 kikawa kikavu. Nyasi zilikuwa fupi, vijito vimekauka, ng'ombe wameingia msimu wa baridi wakiwa wamekonda. Theluji ilianza Novemba. Januari iliyeyuka kidogo, ikaganda tena, na juu ya nyasi kukawa na gamba la barafu. Farasi huifukua theluji kwa kwato. Ng'ombe hajui, husukuma kwa pua. Gamba lile liliwachana pua na miguu mpaka theluji ikawa na alama za damu. Baridi ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ng'ombe waliingia mijini wakitafuna karatasi za lami zilizofunikia kuta za vibanda.

Majira ya kuchipua, mito ilipopasuka barafu, mizoga ilielea ikishuka siku baada ya siku. Wapo waliopoteza nusu ya kundi, na wapo waliopoteza zaidi sana. Kampuni ya Swan, iliyokuwa na fedha za Waskoti, ilifilisika mwaka 1887. Theodore Roosevelt, aliyekuwa na ranchi kando ya mto Little Missouri, alipoteza zaidi ya nusu, na hatimaye akaacha ufugaji. Ni Roosevelt huyohuyo aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda. Na huko Montana, mwenye mali alipouliza hali ya kundi lake, kauboi Charles Russell hakuandika barua. Alichora ng'ombe mmoja, mifupa mitupu, amesimama kwenye theluji, mbwamwitu wakimsubiri. Mchoro huo ukatumwa kama ulivyo.

10. Ranchi ilibadilikaje baada ya hapo?

Ikawa ndogo, yenye uzio, na yenye nyasi kavu ghalani. Mwenye ranchi alianza kuhesabu: nina ekari ngapi, zinabeba ng'ombe wangapi, nimevuna majani tani ngapi ya kuwavusha baridi. Alfalfa, majani ya kulishia mifugo, ilipandwa kando ya mifereji. Ng'ombe wa pembe ndefu, mvumilivu lakini mwenye nyama kidogo, alipisha Hereford, mfupi, mwenye uso mweupe, anayenenepa haraka. Fahali bora hawezi kufugwa katika malisho ya pamoja ambako atapanda ng'ombe wa jirani, kwa hiyo hata ubora wa mbegu ulihitaji uzio.

Kauboi naye akashuka kwenye farasi. Alishika uma wa kukusanyia nyasi, akachimba mashimo ya nguzo, akapaka kinu mafuta. Kuna waliokataa kazi ya miguu na kuondoka.

11. Kauboi angeweza kupanda ngazi akawa mwenye ng'ombe?

Zamani, ndiyo. Ndama asiye na chapa alikuwa wa yeyote aliyemkuta, na kauboi mwenye bidii aliweza kuanzisha kundi lake. Matajiri waliufunga mlango huo. Wengi walikataza vibarua wao kumiliki ng'ombe, na mwaka 1884 sheria ya Wyoming iliwafanya ndama wasio na chapa kuwa mali ya chama cha wafugaji wakubwa. Mwaka 1883 makauboi wa kaskazini mwa Texas waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi. Mgomo ulishindwa: vijana wengine walikuwa tayari kuchukua nafasi zao.

12. Vita vya Johnson County vilihusu nini?

Vilihusu hilo la swali la 11. Huko Wyoming, wafugaji wadogo na makauboi waliofukuzwa kazi walianza kufuga wenyewe, na wakubwa wakawaita wote wezi. Aprili 1892 wafugaji wakubwa walikodi watu wa bunduki kutoka Texas, wakapanda treni, kundi la watu kama 50, wakiwa na orodha ya watu wa kuua.

Walianza na Nate Champion na mwenzake Nick Ray, kwenye kibanda cha ranchi ya KC. Ray alipigwa risasi asubuhi. Champion alijifungia ndani siku nzima peke yake, na katikati ya risasi alitoa kijidaftari chake akawa anaandika: kwamba Nick ameumia, kwamba Nick amekufa, kwamba anasikia mbao zikipasuliwa na huenda wakachoma nyumba, na mwisho akawaaga rafiki zake. Nyumba ilichomwa, akauawa akitoka. Kijidaftari kilisalia.

Habari zilipoenea, wananchi zaidi ya 200 waliwazingira wavamizi hao katika ranchi ya TA, mpaka jeshi la serikali likaja kuwaokoa waliozingirwa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

13. Na ugomvi wa kondoo?

Kondoo hula nyasi karibu na mzizi, na wenye ng'ombe walidai kwamba harufu yake huwafukuza ng'ombe. Kwa kweli hasira yao ilikuwa kwamba mwenye kondoo alitumia malisho ya bure kama wao walivyoyatumia. Makundi yaliswagwa kwenye majabali yakaanguka, wachungaji wakauawa. Tukio la Spring Creek, Wyoming, Aprili 1909, ambapo wenye kondoo watatu waliuawa, liliishia kwa watu watano kufungwa gerezani, jambo ambalo lisingewezekana katika kesi ya 1892.

## Wakulima

14. Ni kweli serikali ilitoa ekari 160 bure?

Karibu bure. Sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa sahihi na Abraham Lincoln, ilimruhusu mtu wa miaka 21 au kiongozi wa kaya kuomba ekari 160. Alilipa ada ndogo, akajenga nyumba, akalima, akaishi hapo miaka 5, kisha akapewa hati. Wasio raia waliruhusiwa kama walikwisha kutangaza nia ya kuwa raia. Wachina, waliokatazwa uraia, walikosa nafasi hiyo.

Katika historia nzima ya mpango huo, hati zaidi ya milioni 1.6 zilitolewa kwa ekari karibu milioni 270. Udanganyifu ulikuwapo (swali la 8), na wengi waliondoka kabla ya miaka 5 kutimia.

15. Ekari 160 zilitosha?

Mashariki ya longitudo ya 100, ndiyo. Magharibi yake zilikuwa nyingi mno kwa mwenye mfereji wa umwagiliaji, na chache mno kwa mwenye ng'ombe. Matangazo ya reli na wauza viwanja yalisema kwamba ukilima, mvua itafuata plau. Miaka ya mvua nzuri ilipoangukia mwanzoni mwa miaka ya 1880, watu waliamini. Ukame wa miaka ya 1890 ukawaondoa maelfu kutoka Kansas na Nebraska magharibi.

Bunge likaanza kurekebisha kwa kuchelewa: ekari 640 kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska mwaka 1904, ekari 320 kwa kilimo cha nchi kavu mwaka 1909, ekari 640 za kufugia mwaka 1916. Hata hizo 640 ni robo tu ya alichosema Powell.

16. Waliishije siku kwa siku?

Mbao zilikuwa ghali, kwa hiyo walikata ardhi yenyewe. Plau maalumu ilipasua tabaka la nyasi na mizizi kwa vipande virefu, vikakatwa kwa sepeto kama matofali, vikapangwa nyasi zikiangalia chini. Nyumba ya chumba kimoja ilimaliza nusu ekari hadi ekari nzima. Kiangazi ilikuwa na ubaridi, msimu wa baridi ikawa na joto. Lakini mvua ikinyesha siku moja, ndani kulivuja siku tatu, na udongo ulidondoka kwenye chungu. Akina mama walitandika kitambaa chini ya dari kuuzuia. Kuni hazikuwepo, waliokota mavi makavu ya nyati, na baadaye ya ng'ombe.

Solomon Butcher alizunguka Custer County, Nebraska, tangu 1886 akizipiga picha familia hizi. Utawaona wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, na wametoa nje vyote wanavyojivunia: farasi, ng'ombe wa maziwa, mezani kuna tikiti limekatwa. Tazama picha hizo polepole. Ni watu waliotaka jamaa zao wa mbali waone kwamba hawajashindwa.

Maadui wao walitoka angani. Mwaka 1874 nzige walikula mazao, wakala nguo kambani na mipini ya majembe. (Nzige wale wa Milima ya Rocky wametoweka kabisa, wa mwisho walionekana mwaka 1902.) Tarehe 12 Januari 1888, asubuhi yenye joto la kudanganya, dhoruba ya theluji ilishuka ghafla wakati watoto wako shuleni. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa njiani kurudi nyumbani.

Waliofaulu zaidi mara nyingi ni waliokuja na mbegu inayojua ukame. Wamenno, Wakristo wa dhehebu moja la Kiprotestanti, waliotoka Urusi mwaka 1874 walileta Kansas ngano nyekundu ya kupandwa kabla ya baridi, na hiyo ndiyo iliyoifanya Kansas kuwa nchi ya ngano.

Hasira ya wakulima dhidi ya reli na benki ni habari pana. Kwa ufupi: ngano iliyouzwa karibu dola 1 kwa kipimo mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilikuwa imeshuka hadi senti 50 hivi mwaka 1894, nauli na riba zikibaki juu. Chama chao, Chama cha Watu, kilipata kura zaidi ya milioni 1 katika uchaguzi wa rais wa 1892.

## Ardhi ilikuwa ya nani?

17. Wenyeji walipoteza nini?

Karibu kila kitu. Nyati wa Marekani, ambaye Wakomanche, Walakota na wengine walimtegemea kwa nyama, ngozi na hema, walikuwa makumi ya mamilioni. Katikati ya miaka ya 1880 walibaki mamia tu wa porini, wamemalizwa na wawindaji wa ngozi. Ng'ombe walijaza nafasi iliyoachwa wazi.

Wenyeji hawakukaa bila kufanya lolote. Wacherokee waliwakodisha wafugaji ukanda wao wa malisho kwa dola 100,000 kwa mwaka tangu 1883. Quanah Parker, kiongozi wa Wakomanche, alijadiliana na matajiri wa Texas kuhusu kodi ya nyasi na yeye mwenyewe akafuga. Lakini sheria ya Dawes ya mwaka 1887 iliigawa ardhi ya pamoja kwa vipande, ekari 160 kwa kiongozi wa kaya, na iliyobaki ikaitwa ziada, ikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1887 walikuwa na ekari milioni 138. Kufikia 1934 zilibaki milioni 48. Msomaji anayeijua mikataba ya Wamasai ya 1904 na 1911, na kuhamishwa kwao kutoka Laikipia, ataitambua njia hiyo.

18. Wanawake na watu weusi waliweza kupata ardhi?

Mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachwa aliruhusiwa kuomba kiwanja kwa jina lake, na maelfu walifanya hivyo. Aliyeolewa hakuruhusiwa, isipokuwa awe kiongozi wa kaya. Weusi nao waliruhusiwa. Kijiji cha Nicodemus, Kansas, kilianzishwa mwaka 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky, na mwaka 1879 maelfu wengine walipanda kaskazini wakiukimbia ukatili wa kusini. Nicodemus ipo hadi leo.

## Maswali ya pembeni

19. Kwa nini Texas mara nyingi haifuati kanuni hizi?

Ilikuwa nchi huru, na ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 ilibaki na ardhi yake. Sheria ya 1862 haikuhusu huko. Texas iliuza na kugawa yenyewe. Zile ekari milioni 3 za XIT zililipia ujenzi wa jengo la bunge huko Austin.

20. Ugonjwa wa ng'ombe wa Texas ulikuwa nini?

Mfugaji wa Afrika Mashariki ataujua upesi: ni ule wa kukojoa damu. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima, lakini walikopita, ng'ombe wa kaskazini walikufa. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne walithibitisha kwamba unaenezwa na kupe, na huo ulikuwa miongoni mwa uthibitisho wa kwanza duniani kwamba mdudu anaweza kubeba ugonjwa hivyo. Kuanzia 1906 kukawa na kampeni ya majosho kote kusini. Ndigana kali yetu husababishwa na kimelea kingine, lakini mtu anayeswaga mifugo yake hadi joshoni leo anafuata hatua zilezile.

21. Malisho ya wazi yalikwisha kabisa?

Sensa ya 1890 ilitangaza kwamba mstari wa mpaka wa makazi hauonekani tena, ingawa ardhi nyingi zaidi ilichukuliwa na walowezi baada ya 1900 kuliko kabla. Mwaka 1906 serikali ilianza kutoza ada ya kulisha katika misitu yake, na sheria ya Taylor ya mwaka 1934 ikaweka vibali kwenye ardhi ya umma iliyobaki. Mpaka sasa wafugaji wa Magharibi hulipa kwa kipimo cha mwezi mmoja wa malisho kwa ng'ombe na ndama wake.

Bado kuna maeneo yenye sheria ya malisho ya wazi. Huko, asiyetaka ng'ombe shambani ndiye anayetakiwa kuzungushia uzio, na dereva akigonga ng'ombe usiku barabarani, anaweza kujikuta yeye ndiye anayemlipa mwenye ng'ombe.